Mwalimu Tena Ahama Mdhamini

Wanafunzi wake ndio waliomwita Mwalimu Tena, na jina likamkaa kama vile amezaliwa nalo. Ukisoma sentensi vizuri, atakwambia tena. Ukikosea, tena. Ukikohoa katikati, tena, kutoka mwanzo, na usione aibu. Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Binti yake akiosha vyombo akaacha povu kwenye kikombe, jibu lilikuwa lile lile. Binti naye, ambaye kunyamaza hakujui, alimwita Madamu, hasa akitaka kumchokoza.

Kazi yake ilikuwa kufundisha lugha ya kwao katika nchi ya watu. Wanafunzi walikuwa watu wazima: wauguzi waliotaka kwenda kufanya kazi nchini kwake mwalimu, wafanyabiashara, na bibi mmoja mstaafu aliyejifunza ili aweze kumsengenya mkwewe mbele ya mkwewe mwenyewe, maana mkwe alitoka huko. Mwalimu Tena aliwapenda wote, lakini yule bibi alimpenda zaidi.

Sasa kabla hatujafika mbali, jambo moja ulijue, maana ndilo lililomnyima usingizi huyu mama. Mgeni kule haajiriwi hivi hivi. Shule inayokuajiri ndiyo inayokudhamini. Jina lake limeandikwa kwenye kadi yako ya kibali cha kazi, na siku ukiiacha shule, kadi inabaki plastiki tu. Ukitaka kuhamia shule nyingine, ile ya zamani ikupe barua ya kukuachia, ile mpya ikupe barua ya kukupokea, uhamiaji wagonge muhuri, na yote hayo kabla kibali hakijaisha. Kikiisha kabla ya muhuri, unafunga virago. Na mtoto aliyeandikishwa chini ya jina lako anafunga vyake.

Mtoto mwenyewe alikuwa huyo binti, aliyekuwa mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Alikuja kule akiwa amelala begani kwa mama yake, kiatu kimoja kimepotea kwenye ndege, na sasa alikuwa msichana mrefu mwenye kujibu mambo ya watu wazima. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa umekaribia. Kuondoka wakati ule kungekuwa kumkata miguu mbele ya mstari wa mwisho. Mama alilijua hilo.

Utauliza, basi si angetulia tu alipo? Hata dada yake alimuuliza hivyo hivyo kwenye simu, tena kwa sauti ya kumkaripia. "Wewe una kazi, mtoto anasoma, unahamahama nini? Umechoka kula?"

"Sijachoka kula, dada. Nimechoka kuanza."

Dada hakuelewa, na kusema kweli si rahisi kumwelewa mwalimu. Shule ile ya kwanza iliwachanganya wanafunzi kila mwezi. Darasa likianza kuzoea, likianza hata kucheka kwa ile lugha, mwisho wa mwezi lilivunjwa, huyu akapelekwa kwa mwalimu mwingine, yule akahamishiwa tawi la ng'ambo ya mji, na Mwalimu Tena akaletewa sura mpya za kuwaambia "jina langu ni fulani, jina lako ni nani." Miaka yote hiyo alikuwa hajamaliza darasa hata moja. Alianzisha tu, kama mtu anayepika kila siku na kuondolewa sufuria jikoni kabla halijachemka. Hata yule bibi wa mkwe walimchukua. Siku alipomkuta kwenye ngazi, bibi alimshika mkono akamwambia kwa huzuni kwamba mwalimu wake mpya haruhusu kusengenya.

Shule ndogo iliyokuwa mtaa wa pili kutoka kwao ilikuwa na mpango tofauti. Mkuu wake, mama mmoja mwenye sauti ya chini na viatu vya raba, alimwonyesha chumba chenye dirisha kubwa na ubao uliosafishwa vizuri, akamwambia, "Darasa nitakalokupa ni lako mpaka siku ya cheti. Sitakugusia mtu." Mwalimu Tena alitoka pale na barua ya kupokelewa mkobani, akitembea kama mtu aliyesahau kuwa ana magoti mabovu.

Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa barua ya kuachiwa. Na hapo ndipo kwenye kazi, jamani, maana mwenye shule alikuwa Mzee Biskuti.

Msimfikirie vibaya. Mzee Biskuti hakuwa mkali, hakupiga meza, hakumtukana mtu. Ukimwambia unataka kuondoka, alifurahi kukuona kana kwamba umetoka safari. "Karibu, mwalimu, karibu! Keti kwanza." Unaketi. Chai inakuja, kikombe kizuri, kile cha wageni. Sahani ya biskuti inakuja. Anakuuliza mama hajambo, mtoto hajambo, magoti je? Anakusifia. Anakwambia shule ile bila wewe ni ukuta na milango. Unakunywa, unatafuna, unacheka, unatoka mlangoni umeshiba, na barua huna. Unaanza kuikumbuka ukiwa kituo cha basi. Walimu wote wageni walikuwa wameshapitia. Wenyewe walikuwa na neno lao, mtu akitoka ofisini bila barua walimuuliza tu: "Umebiskutiwa?"

Mwalimu Tena alibiskutiwa mpaka akaanza kuichukia sahani ya biskuti. Wiki zikaenda. Kibali kikawa kinakaribia mwisho, na yeye, mtu ambaye darasani hakuna anayempiga chenga, alikuwa anapigwa danadana na kikombe cha chai. Jioni moja, siku mbili kabla kibali hakijaisha, alikaa jikoni kwake ameshika tama, na binti akamkalia mbele.

"Mama, leo ilikuwaje?"

"Za tangawizi."

"Ebo! Na ukala?"

"Ningefanyaje? Mtu ananiuliza hali ya magoti, nimwambie hapana?"

Binti alitikisa kichwa kama mzazi. "Kosa lako ni moja tu, Madamu. Unakaa. Ukishakaa umeliwa. Kesho usikae. Ukisimama, chai utaishikia wapi?"

Mama aliona ni utani wa kitoto, akamfukuza akasome. Lakini kesho yake alipofika ofisini kwa Mzee Biskuti na kusikia "keti kwanza", magoti yenyewe yalikuwa yameanza kukunjika, akayakaza. Akasimama. Akasimama katikati ya chumba, mkoba mkononi.

"Keti, mwalimu."

"Nashukuru, mzee. Leo nasimama."

"Magoti yako je?"

"Yanauma. Ndiyo maana naomba barua upesi."

Chai ililetwa. Ikawekwa. Ikatoa mvuke wake wote mbele ya kiti kitupu, na Mzee Biskuti akaitazama, akamtazama mwalimu, akaitazama tena. Hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Alijaribu kusifia, sifa hazikupata pa kukalia. Mwishowe alikivuta kikombe cha mgeni akakinywa mwenyewe.

"Nikikuachia wewe," alisema, na safari hii hakuwa anatabasamu, "kesho atakuja mwingine. Keshokutwa mwingine. Halafu nitafundisha mimi? Mimi mwenyewe najua salamu tu."

Mwalimu Tena alimwonea huruma. Kumbe mzee wa watu alikuwa anaogopa. Miaka yote ile alidhani ni ujanja tu. "Mzee," alisema, "waache wamalize madarasa yao, uone kama wataondoka. Mimi nimefundisha hapa mpaka mtoto wangu amenipita urefu. Nionyeshe mwanafunzi mmoja aliyekaa na mimi kuanzia salamu mpaka cheti."

Mzee Biskuti aliivuta karatasi. Akahangaika na kalamu. Kisha akaandika, akasaini, akagonga muhuri wa shule, na mlangoni akamtia mkononi pakiti nzima ya biskuti, kubwa, ile ya sikukuu. "Za njiani," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa kidogo. Mwalimu Tena alimshika mkono kwa mikono miwili. Wakaachana vizuri, na nakwambia hilo nalo si jambo dogo, maana wengi huachana na waajiri wao kwa kurushiana maneno kwenye ngazi.

Kilichobaki ni uhamiaji, na siku iliyobaki ilikuwa moja tu, Ijumaa. Kibali kilikuwa kinakufa siku hiyo hiyo ofisi ikifungwa. Jumatatu angekuwa si mfanyakazi wa mtu yeyote.

Walifika mapema, yeye na binti, kwa sababu tangazo lilitaka mwenye kibali na walio chini yake wafike wote. Ukumbi ulikuwa umeshajaa. Viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, feni inayozunguka bila kumpepea mtu, na ukutani bango: ukiitwa namba yako mara mbili usipotokea, utahudumiwa baada ya wote, muda ukiruhusu. Wakachukua kikaratasi cha namba. Madirisha yalikuwa mengi lakini moja tu lilikuwa na mtu ndani, na mtu huyo alikuwa Bi Kajipange.

Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Alikuwa mama mnene kiasi, nywele zimebanwa nyuma kikamilifu, mkono wa kulia haubanduki kwenye muhuri. Lakini muhuri wenyewe ulishuka kwa nadra. Alikuwa akimuuliza mtu swali, anamsikiliza kidogo, kisha anarudisha karatasi chini ya kioo na kusema, "Kakae. Kajipange, halafu urudi." Watu walirudi kwenye viti wakiwa wamenywea. Foleni haikusogea, ilikuwa inajizungusha mle mle ukumbini.

"Huyu mama ana roho mbaya," binti alinong'ona.

"Ngoja," alisema mama. Alikuwa ametega sikio. Sikio la mwalimu halipumziki hata siku ya kufukuzwa nchini.

Kiti cha pili kutoka kwake alikuwa amekaa mpishi wa hoteli, pande la mtu, mikono mikubwa yenye alama za kuungua. Alikuwa ametoka kurudishwa dirishani kwa mara nyingine. Alikuwa anahamia hoteli mpya, na karatasi zake zote zilikuwa kamili.

"Amekuuliza nini?" Mwalimu Tena alishindwa kujizuia.

"Ameniuliza mdhamini wangu ni nani."

"Ukajibu?"

"Nikamweleza. Nikaanza na jinsi nilivyofika hapa, nikamwambia kuhusu marehemu baba, yeye ndiye aliyenifundisha kupika, halafu ile hoteli ya kwanza ilivyofilisika, mpishi mkuu alivyonichukia kwa sababu ya supu..."

"Baba wa watu! Alikuuliza habari za supu?"

"Hapana."

"Basi supu imetoka wapi?"

Mpishi aliona kama amefumaniwa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili ule, kwamba yeye akiogopa huongea, na kwamba huwa anaanza kujibu hata kabla swali halijaisha, ili wasije wakadhani anaficha kitu.

Hapo, ndugu yangu, ndipo Mwalimu Tena alipojisahau. Mtu mwenye akili timamu angesema pole, akatazama namba zake. Yeye alimgeukia mzima mzima. "Haya. Wewe uko dirishani. Binti yangu hapa ni ofisa. Binti, kaa vizuri, kaza uso."

Binti, aliyekuwa amechoka kukaa bure, aliipenda kazi hiyo mara moja. Akabana nywele nyuma, akaweka mkono kwenye muhuri wa hewa. "Mdhamini wako ni na—"

"Mdhamini wangu, unajua, zamani nilipokuja—"

"Kajipange!" alisema binti, na watu wa viti vya nyuma wakacheka.

"Tena," alisema mama.

Walirudia, na kila mara mpishi alilirukia swali kabla halijafika chini. Mwalimu Tena alijaribu kumwambia ahesabu moyoni, haikufaa. Akamwambia avute pumzi, akaivuta na kuitoa na maneno. Alikuwa karibu kukata tamaa alipokumbuka pakiti iliyomo mkobani. Akaifungua, akatoa biskuti moja. "Weka mdomoni. Usitafune mpaka swali liishe. Likiisha, tafuna, meza, ndipo ujibu."

Mpishi akatii, mashavu yamevimba. Binti akauliza swali zima, taratibu, mpaka mwisho. Mpishi akatafuna. Akameza. Akatazama juu kana kwamba swali limeandikwa darini.

"Hoteli ya kituo cha treni," alisema.

"Basi?" aliuliza binti.

"Basi."

Mwenyewe alishangaa. Ukumbi nao ulishangaa, maana kumbe nusu ya watu walikuwa wanasikiliza. Na binti, ambaye aliupenda ukali wake mpya, akampiga swali la pili: kwa nini unahama? Biskuti nyingine. "Hoteli ya kwanza imefungwa." Hakuna supu, hakuna marehemu. Alipoitwa aliondoka na biskuti mdomoni, na wote wakamfuata kwa macho. Wakamwona Bi Kajipange akiuliza, wakamwona mpishi akitafuna kwa utulivu wa ng'ombe, kisha wakasikia kitu ambacho asubuhi ile kilikuwa hakijasikika sana. Muhuri. Mara mbili, kwa nguvu.

Loo! Baada ya hapo nani angekaa mbali? Mshonaji nguo alisogea karibu. Muuguzi akasogea. Fundi wa magari akaja na jirani yake, wakapanga viti nusu duara bila kuambiwa, ingawa vilikuwa vimefungwa pamoja kwa chuma na ilibidi wainue safu nzima. Mwalimu Tena alikuwa amesimama mbele yao, magoti kayasahau, biskuti mkono wa kushoto, anawaelekeza kwa kidole. "Anachotaka kujua ni kile alichouliza tu. Hakuchukii. Hana muda. Tena, wewe wa shati la mistari, kutoka mwanzo." Binti akawa anakaripia kwa zamu, na kwa kweli alifanana na Bi Kajipange hata mtu angeogopa. Mmoja mmoja waliitwa, wakaenda wakitafuna, muhuri ukashuka. Kila mmoja akirudi, badala ya kuondoka, alikaa nyuma kumsikiliza mwingine.

Ilikuwa asubuhi nzuri. Mwalimu Tena baadaye alisema kwamba hajawahi kufundisha vizuri kama siku ile, tena bila ubao.

Fundi wa magari ndiye aliyeuliza. "Na wewe, mwalimu, namba yako ngapi?"

Akatoa kikaratasi mfukoni. Akatazama juu kwenye kioo cha namba. Akatazama chini. Binti naye akatazama, na uso wa Bi Kajipange ukamtoka wote, akabaki mtoto.

Namba yao ilikuwa imeshapita. Tena imepita zamani. Imeitwa mara mbili, mbele yao, wakati mama anasema tena na binti anasema kajipange.

Mwalimu Tena akakaa. Alitamani kulia, akaona haya mbele ya wanafunzi. "Nimekuua, mwanangu," alisema polepole. "Wiki zote hizi nalilia barua, halafu naitwa mwenyewe sisikii."

"Hata mimi sikusikia, mama." Hakumwita Madamu. Alimshika mkono. "Bango linasema baada ya wote. Muda ukiruhusu."

"Muda utaruhusu wapi? Tazama foleni ile!"

Wakaitazama. Na hapo ndipo walipoona kitu ambacho wangeweza kukiona mapema kama wasingekuwa na kazi nyingi. Viti vya mbele vilikuwa vitupu. Foleni iliyokuwa inajizungusha tangu ofisi ifunguliwe ilikuwa imepungua mpaka watu wa kuhesabika, na hao nao walikuwa wamesimama na biskuti mkononi, tayari kuitwa. Aliyekuwa akirudishwa kwenda kujipanga sasa alipita mara moja. Bi Kajipange alikuwa anagonga muhuri kama mtu anayepiga misumari.

Wakakaa roho mkononi. Mmoja akapita. Mwingine. Mshonaji alisahau jina la barabara, akarudishwa, na ukumbi mzima ukaguna. Akarudi tena, akapita. Saa ya kufunga ofisi ilikaribia, mlinzi akaanza kufunga madirisha ya upande wa pili, akifuta meza kwa maringo ya mtu anayeenda nyumbani. Wa mwisho akapita. Kipaza sauti kikakohoa.

"Kuna mwingine?"

"Yupo!" walijibu watu wote, na mpishi ndiye aliyepaza sauti zaidi.

Mwalimu Tena alisogea dirishani na binti yake. Akapitisha barua mbili chini ya kioo, ya kuachiwa na ya kupokelewa, na kadi zao. Kwa karibu Bi Kajipange hakuonekana mbaya hata kidogo. Alionekana amechoka. Akazipekua, akainua macho.

"Mdhamini wako mpya ni nani?"

Pakiti ilikuwa tupu. Biskuti ya mwisho ilikuwa imekwenda kwa mshonaji. Na mwalimu wa watu, aliyekuwa amewakanya wote asubuhi nzima, alifungua mdomo na maneno yakamwagika. "Dada yangu, mimi nilikuja hapa na mtoto huyu akiwa amelala begani, tena kiatu kimoja kilipotea kwenye ndege, nikaanza kazi kwa mzee mmoja mtu mzuri sana, sina ubaya naye, isipokuwa yeye chai..."

"Tena!" ilisikika sauti nzito kutoka nyuma.

Aligeuka. Walikuwa wamesimama wote, mpishi, muuguzi, fundi, mshonaji, kila mmoja na karatasi yake iliyogongwa muhuri. Hakuna aliyekuwa ameondoka. "Kutoka mwanzo, mwalimu," alisema mpishi. "Jibu ulichoulizwa."

Binti alicheka mpaka akajishika kwenye kaunta. Bi Kajipange aliutazama ule umati, kisha akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, na alionekana kama mtu aliyepata jibu la kitu kilichomsumbua tangu asubuhi.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Na zile biskuti."

"Ni mimi. Nisamehe."

"Mdhamini wako mpya ni nani?"

Alisubiri mpaka swali likaisha. Akameza mate, maana hakuwa na kingine cha kumeza. Akataja jina la ile shule ndogo ya mtaa wa pili, akanyamaza.

"Kwa nini unahama?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa na dada yake, na Mzee Biskuti, na hata yeye mwenyewe usiku kitandani, na jibu lake lilikuwa halijawahi kunyooka.

"Nataka kumaliza darasa," alisema.

Bi Kajipange aliinua muhuri, lakini hakuushusha papo hapo. Alinyoosha shingo akawatazama tena wale waliosimama nyuma, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amewahudumia wote, na aliwakumbuka wote.

"Hawa wa darasa lako wamepita wote," alisema. "Hakuna aliyebaki." Kisha akagonga, kadi ya mama, kadi ya mtoto, akazipitisha chini ya kioo na kuzima taa ya dirisha.

Mwalimu Tena alizichukua kadi akazishika kifuani, na hapo machozi aliyoyazuia yakatoka, akayaacha yatoke. Binti alimkumbatia kutoka pembeni, kidevu juu ya kichwa cha mama yake. Mpishi alikuja akampa mkono, na wengine wakapanga foleni nyuma yake kumpa mikono, foleni iliyonyooka, bila mtu kusukumana.